Nanyama na Glavu za Kipa

Siku hizi Nanyama analala. Mimi ndiye jirani yake hapa Free Area, Nakuru, duka langu la kushona na jikoni kwake tunagawana ukuta mmoja, kwa hivyo najua ninachosema. Zamani nilikuwa nikifungua duka saa kumi na mbili asubuhi nikimkuta ameshafagia ua, ameshachota maji, ameketi kwenye kigoda akitazama beseni tupu. Ukimwuliza, "Mama Celestine, umeamkaje?" alikuwa anajibu, "Nimeamka tu," kama mtu aliyeitwa na chifu. Tangu Aprili mwaka huu nafika nakuta mlango umefungwa, jua limeshatoka upande wa Lanet, na mwanamke wa miaka sabini na mbili anakoroma bila aibu. Nimefurahi mpaka nikashika kalamu, na mimi si mtu wa kalamu. Mimi ni fundi cherehani na shabiki wa Mataruma FC, magonjwa mawili ambayo hayana dawa.

Timu yetu ilianzishwa na wafanyakazi wa reli, baba zetu, wengi wao waliotoka upande wa magharibi kuja kutafuta kazi Nakuru. Waliipa jina la yale magogo yanayolaliwa na reli, kwa sababu, walisema, taruma halionekani lakini bila lenyewe treni haiendi popote. Maneno mazuri. Ukweli ni kwamba hatukuwahi kuwa na mshambuliaji wa maana hata mmoja. Timu nyingine husimulia mabao. Sisi husimulia mabao ambayo hatukufungwa.

Ndiyo maana tuna desturi yetu ya kuita makipa. Jumapili moja kabla ya msimu kuanza, watu wakishatoka kanisani, tunakusanyika kwenye uwanja wetu nyuma ya karakana ya zamani ya reli. Mzee Ogada, ambaye baba yake alikuwa dereva wa treni na yeye mwenyewe ana sauti ya honi, husimama akaita jina la kila kipa aliyewahi kulinda lango letu, kuanzia wa kwanza. Jina likiitwa, mtu aliyemwona kwa macho yake husimama akasimulia namna alivyookoa mpira mmoja. Mmoja tu, si miwili. Kisha tunapiga makofi matatu, Ogada anaendelea na jina linalofuata. Kipa ambaye hana wa kumsimulia jina lake hufa, na hilo ndilo jambo tunaloliogopa kuliko kushuka daraja.

Nanyama hakukosa hata mwaka mmoja. Aliletwa kutoka Kimilili mwaka wa sabini na nne akiwa bibi arusi wa Wasike, mtu wa ishara za treni, ambaye baadaye alikuja kuwa mwenyekiti wa timu. Alipewa jezi afue mara moja tu, mwenye kazi alipougua, na hakuzirudisha kwa miaka thelathini. Alikuwa na utaratibu wake. Alifua namba kwa namba, kuanzia mbili hadi kumi na moja, akazianika kwenye kamba kwa mpangilio wa uwanjani, mabeki huku, washambuliaji kule. Jezi ya kipa aliifua mwisho, peke yake, kwa maji mapya. Tulikuwa tunamtania kwamba akiona jezi tu anajua nani amekosana na mkewe wiki hiyo. Yeye hakuwa akicheka. Alikuwa anajua kweli.

Sasa niwaambie kuhusu Jamleck, maana bila yeye hakuna hadithi.

Jamleck alikuwa mwana wa mkulima wa viazi kutoka Kuresoi, alikuja mjini kupakia magunia kwenye ghala, akaja uwanjani kwetu siku moja kutazama mazoezi. Mikono yake ilikuwa mirefu kupita kiasi. Mwaka wa 2003 alikuwa kipa wetu, na kabla msimu haujaisha alikuwa amepewa jina la Kufuli. Nilimpenda kijana huyo kuliko wadogo zangu wa kuzaliwa. Nasema mapema ili ujue kwamba chuki niliyokuja kuwa nayo baadaye haikutoka kwa adui.

Mwaka uliofuata, 2004, tulibakiwa na mechi moja. Tulihitaji sare tu dhidi ya timu ya wafanyakazi wa majani chai kutoka Kericho, ili tupande ligi kwa mara ya kwanza tangu baba zetu watuachie timu. Jumamosi, siku moja kabla ya mechi, Jamleck alimletea Nanyama glavu zake nyeusi, mpya, alizopewa na timu. Zilikuwa zimejaa tope la mazoezi. Makipa waliotangulia walikuwa wanaosha za kwao wenyewe, au hawakuwa nazo kabisa, kwa hivyo hii ilikuwa mara ya kwanza Nanyama kushika kitu hicho. Alizifua kama alivyofua kila kitu, kwa sabuni ya unga na bidii. Ilikuwa mvua, hazikukauka, akazitundika juu ya jiko. Jioni akakuta viganja vya glavu vimekakamaa na kupasuka kama nyayo za mtu wa shamba.

Angefanya nini? Alifanya ambacho mama yeyote wa huku angefanya akiona ngozi imepasuka. Alichukua mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka matiti ya ng'ombe, ambayo Nakuru nzima hujipaka mikono na midomo hata kama mtu hajawahi kufuga kuku. Akapaka glavu zote mbili, akazisugua usiku ule mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Asubuhi akazifunga kwenye gazeti, akampa Jamleck, akamwambia, "Hizi sasa ni bora kuliko zilivyotoka dukani." Alikuwa anajivunia kazi yake.

Mechi ilikuwa bila bao hadi dakika ya themanini na nane. Nanyama alikuwa ameketi na akina mama karibu na bendera ya kona, akaiona mikono ile mirefu ndani ya glavu nyeusi ikidaka kila kilichokuja. Kisha ukaja mpira wa kitoto. Hata sijui niuite shuti. Mtu wa Kericho alikuwa anajaribu kuupeleka pembeni, ukamponyoka, ukaenda golini ukidunda polepole kama unaomba radhi. Jamleck aliinama kuuokota. Ukapita mikononi, ukapita katikati ya miguu, ukavuka mstari.

Sitasimulia kilio chetu. Nitasimulia nilichofanya mimi. Ijumaa ile nilikuwa nimemwona Jamleck kwenye hoteli ya chai akiongea na mtu aliyevaa koti lenye nembo ya kampuni ya majani. Nikasema. Sikusema kwamba ameuza mechi, nilisema tu kwamba nilimwona, na nikaongeza, "Lisemwalo lipo." Mpaka giza linaingia alikuwa ameuza mechi, na kufikia Jumatatu kila mtu alijua mpaka bei. Watu walimrushia madongo nje ya chumba alichopanga. Alijitetea kwa maneno manne tu, akiyarudia, "Mpira ulinitoka tu, jamani." Nani angeamini maneno kama hayo kutoka kwa Kufuli? Jumanne alipanda gari la Molo akarudi kwao Kuresoi. Wasike, mume wa Nanyama, akaamuru kwamba jina lake lisiitwe tena uwanjani.

Wiki tatu baadaye alikuja kipa mpya, Jerry. Nanyama akamwambia alete glavu zake azioshe na kuzipaka mafuta. Jerry akacheka. "Kukhu, glavu ya kipa huoshwa na maji tupu," alimwambia, akimwita nyanya kwa Kiluhya. "Ukiipaka mafuta, ball itateleza kama samaki."

Nanyama aliniambia kwamba alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda, na kwa namna fulani hakuwahi kuinuka hapo.

Mbona hakusema? Kwanza alimwogopa Wasike, ambaye alikuwa mtu mwema lakini akishatoa amri haitanguki. Kisha mwaka wa 2011 Wasike akafariki, na kufikia hapo siri ilikuwa na umri wa miaka saba, na siri ya miaka saba ni nzito kusema kuliko ya wiki tatu. Lakini kilichomla zaidi ni kitu kingine. Aliamini kwamba Jamleck alijua. Kipa hawezi kuvaa glavu zenye mafuta asijue. Aliamini kijana yule alitukanwa, akarushiwa madongo, akakosa jina, na muda wote huo alikuwa amefunga mdomo ili kumsitiri mama mfua jezi. Kila mwaka Ogada alipoita, "Makhanu!" kisha akaruka moja kwa moja hadi, "Jerry!" Nanyama alilisikia lile pengo katikati, akainamisha kichwa. Sisi tulidhani anamkumbuka mumewe.

Mwaka huu tulijengewa chumba kipya cha wachezaji kubadilishia nguo, chenye ukuta mrefu unaotazama barabara. Kamati ikakubaliana tuchore makipa wetu wote ukutani, na tukampata mchoraji, binti anayeitwa Wariara, ambaye huchora magari na vibanda vya vinyozi mjini. Orodha ilibandikwa dukani kwangu. Nanyama alikuja na miwani yake akaisoma mara mbili. Kisha akaniambia niingie jikoni kwake, akafunga mlango, akanieleza yote, kuanzia sabuni ya unga hadi samaki.

Nilikasirika. Miaka ishirini na moja namwita mtu msaliti, kumbe ni mafuta ya ng'ombe! Nilitaka kumfokea mama mtu mzima jikoni kwake. Lakini hasira ile ilizunguka chumba kizima ikakosa pa kukaa, ikarudi kwangu, kwa maana si Nanyama aliyesema, "Nilimwona."

"Mama Celestine," nikamwambia hatimaye, "haya ni mambo ya kale. Wacha yalale. Ukisema sasa, hawa watu watakutoa jasho."

"Fundi, wewe ulisema mara moja ukanyamaza," akanijibu. "Mimi nimenyamaza kila mwaka. Wakishachora ule ukuta bila yeye, ndio basi, itakuwa ni simiti. Nitafutie Jamleck aje, nimwambie mbele ya watu. Nikishamwambia, wanifanyie wanavyotaka."

Nilimpata kupitia kwa madalali wa viazi sokoni, maana huko Kuresoi kila anayelima anajulikana. Simu ikaita. Nilijitambulisha, nikasikia ng'ombe kwa mbali.

"Wewe ndiye yule fundi alisema aliniona?"

"Ndiye mimi."

"Sasa mnataka nini na mimi?"

"Si mimi. Ni Mama Celestine anakuita. Mama wa jezi. Siku ya kuita makipa."

"Kama ni huyo, nitakuja," akasema, akakata.

Jumapili ile ya Aprili kulikuwa na mawingu lakini haikunyesha. Tulikuwa kama watu sitini, viti vya plastiki, chai kwenye chupa, Wariara ameketi juu ya ndoo ya rangi na daftari lake, kwa sababu alitaka kusikia kila kipa alikuwaje kabla ya kumchora. Nanyama alikaa mstari wa mbele akiwa na lile gauni lake la Umoja wa Akina Mama wa kanisani. Mikono ilikuwa imeshikana mapajani.

Ogada akaanza. "Odwori!"

Akainuka mzee mmoja kwa fimbo, wa pekee aliyebaki aliyemwona. Odwori alikuwa anatoka zamu karakanani saa tisa na mechi inaanza saa tisa, kwa hivyo alidaka akiwa na gambuti. "Nilimwona akiokoa penalti na hiyo gambuti," mzee akasema. "Gambuti iliruka ikaenda kona, na mpira ukaenda kona, refa hakujua ampe nani."

Makofi matatu.

"Kirui!"

Kila mtu alitaka kumsimulia Kirui, ambaye lastiki ya kaptura yake ilikatika dakika ya kumi, akalinda lango dakika themanini kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kaptura. Walibishana kama alidaka mipira minne au sita. Ogada akasema ni mitano, akafunga kesi. Wariara alikuwa anacheka huku akiandika.

"Sasa huyu nitamchora na mkono gani?" akauliza.

"Mchore na wa kaptura," mtu akajibu. "Ndio ulifanya kazi kubwa."

Hapo ndipo pikapu ikasimama kando ya barabara, akashuka mtu mrefu mwenye mvi kidogo, kofia mkononi, gunia la viazi begani. Aliliweka chini nyuma ya goli, goli lile lile, akasimama hapo. Hakuna aliyemtaja, lakini kicheko kilipungua kama maji ya mfereji siku ya mgao. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akanong'ona, "Huyo amefuata nini?" Nilikuwa natazama viatu vyangu.

"Makhanu!" akaita Ogada, akitaka tusonge mbele. Makhanu alikuwa yule aliyewahubiria washambuliaji. Mtu anakuja na mpira, yeye anamwuliza kama ameokoka. Ikasimuliwa, tukapiga makofi.

Ogada akavuta pumzi aite Jerry. Nanyama akasimama.

"Ogada, umeruka mtu," akasema.

"Mama Celestine..."

"Umeruka mtu. Mume wangu ndiye alikwambia uruke, na mume wangu alikosea, na mimi ndiye nilimwacha akosee." Akaeleza. Sabuni, jiko, nyufa, mafuta ya kukamulia. Alipofika kwenye mafuta kuna mtu alicheka, kisha akagundua ni yeye peke yake. "Mlisema huyu kijana aliuza mechi. Hakuuza. Ni mimi nilimvalisha mafuta. Amebeba kosa langu miaka ishirini na moja na hakunitaja. Jamleck, mwanangu, nimekukosea. Nimekuita nikwambie mbele yao."

Akabaki amesimama, mikono imelegea, kama mtu aliyetua gunia akawa hajui tena kutembea bila lenyewe.

Watu hawakujua waangalie wapi. Mama mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Miaka yote hiyo, Nanyama?" na hilo lilimchoma, nililiona likimchoma. Lakini Ogada ni mtu wa haki, na kichwa chake hufanya kazi upesi. "Basi kama ni hivyo," akasema, "Jamleck hana kosa. Ilikuwa ni mafuta. Jina linarudi, na ukutani anachorwa. Kuna mwenye neno?" Hakukuwa na mwenye neno. Makofi ya kwanza yalianza upande wa vijana, yakaja, yakashika viti vyote.

Jamleck angenyamaza tu. Nataka ulielewe hili vizuri. Alikuwa amesafishwa mbele ya umati, na mtu ambaye hata hakumwomba. Alichohitaji kufanya ni kuinamisha kichwa na kupokea. Lakini aliinua ule mkono wake mrefu kama alivyokuwa anauinua kuwatuliza mabeki, akaja mpaka katikati.

"Mathe," akasema, "hizo glavu sikuvaa."

Nanyama hakusikia, au hakutaka. "Unasemaje?"

"Siku hiyo sikuzivaa. Niliingiza mkono kwa chumba cha kubadilisha, mkono ukateleza ukatoka wenyewe. Nilicheka sana. Nikazirudisha kwa gazeti, nikavaa zile zangu za zamani, nyeusi pia, nilikuwa nimezishona na uzi wa gunia. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umefurahia kazi yako. Sikutaka kukuaibisha."

"Kwa hivyo bado ni mimi," akasema Nanyama. "Nisingeharibu mpya, haungevaa kuukuu."

"Hapana, mathe. Zile kuukuu zilikuwa sawa. Nilikuwa nimedaka nazo mechi nzima, ama hamkuona?" Akatugeukia sisi wote. "Nitawaambia kile kilifanyika, na hii sijawahi ambia mtu, hata bibi yangu. Ile ball ikikuja, nilimwona refa anaangalia saa yake. Nikamwangalia. Nikafikiria, tumepanda. Nilishaanza kusherehekea kabla sijashika. Basi. Sikununuliwa, na hakukuwa na mafuta. Niliangalia saa ya mtu mwingine. Kosa ni yangu, na msimpatie huyu mama."

Kila mmoja wetu alikuwa anafikia jambo lile lile kwa njia yake. Mtu aliyepewa kisingizio kizuri hivyo bure, tena cha mafuta, akakikataa ili bibi kizee alale, mtu huyo hangeuza mechi. Mtu huyo hangeuza hata kiazi kibovu. Tulikuwa tumetafuta ushahidi miaka ishirini na moja mahali ambapo haukuwepo, na sasa ulikuwa umesimama mbele yetu na kofia mkononi.

Nanyama alikuwa amekaa tena. Mabega yalikuwa yanatikisika, na mimi nikadhani analia, nikaenda kumshika. Alikuwa anacheka. Anacheka na machozi yanashuka, yote mawili kwa pamoja, na hakuwa anayafuta.

"Miaka ishirini na moja nimeziosha hizo glavu," akasema. "Kila usiku, Fundi. Naamka naziosha kichwani. Na mtu hakuzivaa!" Kisha akamgeukia Jamleck kwa ukali kidogo, ule ukali wa mwenye mali. "Ziko wapi?"

"Nilizivunia viazi," akasema Jamleck. "Misimu mitatu. Yale mafuta yalisaidia sana, udongo haukushika."

Hapo ndipo uwanja mzima uliachia. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika, na akina mama wakaja wakamzunguka Nanyama, yule aliyeuliza kuhusu miaka akiwa wa kwanza. Mimi nilibaki pembeni. Nilitaka kumwuliza Jamleck kuhusu yule mtu wa koti la majani chai, ni nani, walikuwa wanaongea nini. Sikumwuliza. Kuna maswali ambayo ukiyauliza baada ya miaka ishirini na moja unajivua nguo mwenyewe.

Ogada alikohoa, akangoja, akarudi mahali pake.

"Jamleck Wanyoike!"

Desturi ni desturi. Lazima mtu asimame asimulie. Watu walitazamana, kwa sababu wale waliokuwa wanamjua vizuri ndio waliomtukana vizuri. Nilipiga moyo konde nikasimama.

"Mechi ile ile," nikasema. "Dakika ya sabini. Mtu wa Kericho alipiga kichwa kutoka hatua nne, na mimi nilikuwa nyuma ya goli, nilikuwa nimeshafunga macho. Nilipofungua, mpira ulikuwa kwenye mkono wake mmoja, hivi, kama mtu ameuchuma mtini. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Baadaye nikatumia ile iliyobaki kumharibia jina. Nisamehe, Jamleck."

"Desturi ni mmoja tu, Fundi," akasema Jamleck. "Hiyo ni miwili, na yote nimedaka."

Makofi matatu. Yangu yaliuma viganja, nikafurahi kwamba yanauma.

Viazi tulivipika pale pale uwanjani, na Ogada akamaliza majina yaliyobaki huku watu wakimenya. Kabla hatujatawanyika, Wariara alikuja na daftari lake kwa Jamleck, akachora uso, akachora ile mikono, kisha akasita.

"Sasa, boss, nikuchore na glavu gani? Za uzi wa gunia ama bila?"

Jamleck alifungua mdomo, lakini Nanyama alimtangulia.

"Mchore na zile hakuvaa," akasema. "Nyeusi. Na ziwe safi."

Wariara akamchora hivyo. Yuko pale ukutani hadi leo, kati ya Makhanu na Jerry, ukipita barabara ile utamwona. Vumbi la Nakuru unalijua, halina heshima kwa mtu, kwa hivyo kila Jumamosi Nanyama hutoka na kindoo chake na kitambaa kwenda kumpangusa. Humpangusa uso, humpangusa jezi, halafu mwisho, polepole, zile glavu. Huziosha kwa maji matupu, bila sabuni.